Fleshi ya kupiga Windows: pakia na draiva zake kabla hujatoka mjini

Kompyuta iko Liwale, fundi anatoka Lindi mjini. Anafika, anachomeka fleshi, Windows inasema haioni diski yoyote. Draiva ya diski, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuiona diski, iko kwenye intaneti, na Wi-Fi ya mashine haiwaki kwa sababu nayo inasubiri draiva. Nauli imekwenda kwa folda moja ndogo iliyosahaulika. Fleshi ya kazi za huku kusini lazima ibebe vitu vitatu: Windows yenyewe, draiva ya diski, na draiva ya mtandao, zote za mashine ile ile unayoifuata.

Basi anza kwa kumuuliza mwenye kompyuta modeli kamili. "Ni HP 250" haitoshi; G8 na G9 ni mashine mbili tofauti. Kama bado inawaka, mwambie aandike msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia akusomee mstari wa System Model. Kama haiwaki, akupige picha kibandiko cha chini.

Fleshi iwe ya GB 16. Microsoft wanataka angalau GB 8, lakini draiva nazo zina uzito wake. Jihadhari na fleshi za bei ya kutupa zilizoandikwa ukubwa wa ajabu. Hupokea faili bila kulalamika, na kila kinachozidi ukubwa wake halisi kinapotea kimya kimya. Ijaze kwanza kwa H2testw: programu hiyo huandika fleshi nzima kisha huisoma tena, na uongo hujulikana hapo.

Faili la ISO la Windows 11, yaani faili moja lenye Windows yote ya kupigwa, linazidi GB 5, kwa hiyo lipakue mjini penye mtandao wa kutulia, kutoka tovuti ya Microsoft. Likishafika lipime:

certutil -hashfile C:\Win11.iso SHA256

Linganisha matokeo na namba iliyo kwenye ukurasa ule ule wa kupakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Nusu ya lawama wanazobebeshwa mafundi kuhusu "Windows mbovu" zingeisha kwa dakika hizi mbili.

Fungua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye fleshi, chagua fleshi na ISO, weka GPT (mpangilio wa diski) na UEFI (mfumo mpya wa kuwashia mashine). MBR, mpangilio wa zamani, ni ya mashine zisizo na UEFI, na hizo Windows 11 haizikubali. Mfumo wa faili uache NTFS kama Rufus alivyopendekeza. Wanaonakili ISO kwa mkono kwenye fleshi ya FAT32 hukwama kwenye install.wim, faili kubwa lenye Windows yenyewe, kwa sababu FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Kumbuka Rufus hufuta kila kitu kilichokuwemo, kwa hiyo draiva ziingie baadaye. Na kama umeme unacheza, tumia kompyuta mpakato yenye betri nzima. Ukikatika katikati ya kuandika, rudia tangu mwanzo, usijaribu kuendelea na nusu.

Sasa draiva, na hapa ndipo wengi huanguka. Mashine nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huificha diski nyuma ya kidhibiti cha diski kiitwacho VMD, na fleshi ya kawaida mara nyingi haina draiva yake. Nenda tovuti ya mtengenezaji, ingiza modeli, pakua Intel RST, ndiyo draiva ya VMD. Utapata SetupRST.exe, ambayo ukiibeba hivyo hivyo haikusaidii kitu, maana wakati wa kupiga Windows kinachosomwa ni mafaili ya .inf, yale yanayoieleza Windows draiva yenyewe. Ifungue kwa amri hii:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Folda itakayotoka iweke kwenye fleshi, ndani ya Draiva\Diski. Draiva za Wi-Fi na za waya wa mtandao, nazo zikiwa zimefunguliwa, ziweke Draiva\Mtandao. Kama kompyuta ya mteja bado inawaka, kuna njia bora zaidi: tengeneza folda D:\Draiva\Zamani, fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

pnputil /export-driver * D:\Draiva\Zamani

Hapo D ni fleshi yako. Draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine ile hunakiliwa zikiwa tayari.

Kuwasha mashine kutoka kwenye fleshi, bonyeza kitufe chake inapoanza kuwaka: HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi F12, Asus mpakato Esc. Ukifika kwenye orodha tupu ya diski, bonyeza Load driver, kisha Browse, onyesha Draiva\Diski. Kizazi cha 11 chagua mstari wenye 9A0B. Cha 12 mara nyingi ni 467F. Diski itajitokeza. Ukiambiwa hakuna draiva iliyosainiwa, aidha folda siyo au umeleta .exe isiyofunguliwa. Na ujumbe wa "media driver" kukosekana mara nyingi hauhusu draiva kabisa: ni ISO iliyoharibika au tundu la USB. Hamishia tundu jingine, hasa la USB 2. Mashine zinazokaa karibu na bahari, kama Mikindani, angalia pia kutu ya chumvi ndani ya tundu.

Wapo wanaozima VMD kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows) ili wamalize haraka. Kama diski ni tupu, sawa. Kama ina Windows ya zamani yenye kazi za mtu, haitawaka tena mpaka uirudishe, na BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao mwenyewe hana. Kabla ya kufuta sehemu yoyote ya diski uliza kilichomo. Kompyuta ya AMCOS (ushirika wa wakulima) msimu wa korosho ina mizani na malipo ya wakulima wengi.

Ikijizima mara ya kwanza, chomoa fleshi, la sivyo itarudi mwanzo. Ukurasa wa mtandao ukitokea bila Wi-Fi, ichomeke tena, bonyeza Shift+F10, kisha:

pnputil /add-driver D:\Draiva\Mtandao\*.inf /subdirs /install

Herufi D ikikataa, jaribu E. Ikishindikana kabisa, unganisha simu ya Android kwa waya na uwashe kushirikisha intaneti kwa USB. Windows kwa kawaida huitambua yenyewe. Usiage mpaka Device Manager, orodha ya vifaa vya mashine, iwe haina alama hata moja ya njano.