Boti ya matembezi: tazama tumbo kabla ya injini

Wengi tukienda kununua boti tunakimbilia viti na ukubwa wa injini. Inama kwanza utazame tumbo, yaani sehemu ya chini inayokaa majini. Yenye tumbo bapa hupita maji mafupi, haiyumbi sana ukisimama kurusha ndoana, na injini ndogo inaisukuma vizuri. Kwa kuzungukazunguka ndani ya ghuba ya Kigoma, Ziwa Tanganyika, inatosha kabisa. Ila ukitoka nje kuelekea Gombe miezi ya upepo wa kusini, kila wimbi ni kofi: kiuno kinauma, sufuria ya wali inapinduka (yangu ilipinduka yote, tukala ndizi). Kwa safari hizo chukua yenye tumbo lililochongoka kama herufi V. Inapasua wimbi, ingawa inakula mafuta zaidi. Na ubavu uwe mrefu kwenda juu, wimbi lisiingie ndani.