SOMO: Prosesa za kori mbili kwa gemu na kazi nyingi kwa pamoja, Intel au AMD?

Wakuu habari za majukumu. Hapa Dodoma kompyuta za mezani za mtumba zimejaa na vijana wengi, hasa wa chuo cha UDOM, wananunua kwa kuangalia GHz (spidi ya prosesa) tu, muuzaji akishasema "hii ni 3.0" mtu anatoa hela. Hapo ndo tunapopigwa. Kwenye prosesa ya kori mbili (kori ndo sehemu inayofanya kazi ndani ya prosesa) uliza thredi kwanza, yaani inashika kazi ngapi kwa wakati mmoja.

Hatua ya 1: hesabu thredi
Core 2 Duo na Pentium ni za Intel, Athlon ni za AMD. Core 2 Duo E8400 ya 2008 ina kori 2 thredi 2, Pentium G3258 ya 2014 vilevile. Ila Pentium G4560 ya 2017, Pentium Gold G5400 na Athlon 200GE za 2018, na Athlon 3000G ya 2019, zote zina kori 2 thredi 4. Kori yenye thredi mbili ni kama mama ntilie anayegeuza chapati huku maharage yanachemka jiko la pili, mikono ni ileile ila hakai bure. Far Cry 4 ilivyotoka 2014 iligoma kabisa kwenye thredi 2, watu wakabaki na skrini nyeusi. Kwa hiyo thredi 2 iache ifanye kazi za steshenari.

Ukiwa dukani usiamini stika ya kwenye kava. Washa mashine, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance kisha CPU, chini ya grafu soma Cores na Logical processors. Unataka kuona 2 na 4.

Hatua ya 2: pambanisha wenyewe
G5400 inakimbia 3.7GHz, 3000G 3.5, 200GE 3.2. Ukilinganisha kori moja kwa kori moja, Pentium inaongoza kidogo, so kama una kadi ya picha pembeni chukua Pentium. Huna kadi? Chukua Athlon bila kujiuliza, maana Vega 3, sehemu ya picha iliyomo ndani yake, inaiacha UHD 610 ya Pentium, afu inakula wati 35 tu. Na kuna kitu wauzaji hawakisemi: hizo Pentium hazina AVX (amri maalum za hesabu ndani ya prosesa), Athlon zinayo, na gemu inayodai AVX kwenye Pentium haifunguki hata uweke kadi ya bei gani.

Hatua ya 3: angalia soketi (pale prosesa inapokaa kwenye bodi)
G4560 na G5400 zote LGA1151 lakini bodi haziingiliani, ya kwanza inataka bodi yenye chipset ya mfululizo wa 100 au 200, ya pili 300. Athlon ni AM4.

Hatua ya 4: fungua kava
Vumbi letu mnalijua. Feni ikiziba na pesti ya joto ikikauka, prosesa inajipunguza spidi yenyewe. Safisha kwa brashi, paka pesti mpya, ndo uanze kulaumu prosesa.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nina E8400 ya 3.0GHz, mbona G4560 ya 3.5 inaiacha mbali hivyo wakati tofauti ni nusu GHz?
Jibu: Kaka, kwa kila mzunguko G4560 inamaliza kazi nyingi zaidi, halafu ina thredi mara mbili na inatumia RAM ya DDR4. GHz linganisha kwa prosesa za kizazi kimoja tu.

Swali: Kwa 200GE niweke RAM moja ya 8GB au mbili za 4?
Jibu: Mbili za 4. Vega 3 haina memori yake, inachota kwenye RAM, so ukiweka mbili njia inapanuka na gemu inalainika, utaiona tofauti kwa macho.

Swali: Nasoma uhandisi, nataka kucheza PES huku Chrome iko wazi, mwakani nianze AutoCAD. Nichukue ipi?
Jibu: Dada chukua 3000G. Windows 11 inaikubali, G4560 haimo kwenye orodha yao. Hela ikija unatoa hiyo unaweka Ryzen 5 5600G kwenye bodi ileile ya AM4, ila kabla ya kununua bodi ingia tovuti ya mtengenezaji uhakikishe inaisapoti, na BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) uiapdeti ukiwa bado na Athlon maana bila hivyo mashine haitawaka.