Nesi wa diploma unataka kurudi chuo kusoma digrii hapa Dar? Anza na vyeti na rosta, chuo baadae

Karibu kila wiki tukimaliza kukabidhiana ripoti asubuhi kuna mdogo wangu ananivuta pembeni, dada we ulifanyaje mpaka ukamaliza digrii na huku uko kazini? Huwa namjibu kifupi maana baada ya naiti wote tunawaza kitanda tu. Leo niko ofu, wacha niandike yote kwa utulivu.

Wengi wanaanza kwa kuuliza chuo gani kizuri. Hilo kwangu ni swali la tatu. La kwanza vyeti vyako vikoje, la pili nani atakuachia zamu. Nimeona manesi wenye akili kabisa wameripoti chuo mwezi wa kumi, mpaka mwezi wa kwanza wamesharudi nyumbani, na hakuna niliyemuona ameacha kwa sababu masomo ni magumu, ni rosta imewashinda au hela imewaishia njiani.

Haya, vyeti. Siku moja ukiwa umetulia toa kila kitu weka kitandani, cheti cha form four, cheti cha diploma na transkripti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Halafu soma jina lako herufi kwa herufi kwenye kila karatasi, usisome kwa mazoea. Mimi cha form four kilikuwa na majina mawili, diploma matatu, na kwenye leseni nilishaweka jina la mume, nikaja kugundua wiki ya mwisho ya aplikesheni, nahangaika kutafuta mwanasheria wa kunigongea kiapo huku dirisha linafungwa. Mwaka mzima ukaenda hivyo hivyo. Kwa hiyo kama majina yamepishana nenda kwanza ofisi ya udahili ya chuo uulize wao wanataka nini, maana tofauti ndogo mara nyingi inamalizwa na kiapo ila ukibadili jina lenyewe wanataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo haipatikani kwa siku moja.

Kitu cha pili kwenye vyeti ni namba ya uhakiki, ile wanaita AVN, unaiomba NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Mtu wa diploma bila hiyo namba huwezi kuomba chuo kikuu. Na kama ulimaliza miaka mingi iliyopita matokeo yako yanaweza yasiwepo kwenye mfumo, hapo itabidi chuo ulichosoma kihusike, kwa hiyo usisubiri dirisha lifunguliwe ndo uanze kuitafuta, ianze hata miezi mitatu kabla.

Halafu sasa sifa zenyewe. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kila mwaka wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, viko viwili, kimoja cha waliotoka form six na kingine cha watu wa diploma kama sisi, chukua hicho cha pili, ni bure kwenye tovuti yao. Nenda moja kwa moja kwenye mstari wa programu ya uuguzi ya chuo unachokitaka usome mpaka nukta ya mwisho. Kwa uuguzi kikubwa utakutana na GPA ya 3.0 au wastani wa B kwenye diploma, halafu wanageukia form four yako, na hapa ndo watu wengi wanakwama, maana unaweza kuwa na diploma ya GPA 4 lakini wakataka Kemia, Baiolojia na Fizikia, wengine mpaka Hesabu na Kiingereza, na wewe Fizikia ulipata F mwaka huo hata hukujali.

Kama ni wewe usikate tamaa na wala usimpe mtu hela eti ana njia ya kukupitisha. Jisajili NECTA, baraza la mitihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni mwezi wa kumi na moja, unarudia hilo somo moja tu. Kuna dada nafanya nae kazi leba ana watoto wawili, alirudia Fizikia, alikuwa anaenda tuisheni Jumamosi anakaa na watoto wa form four, akapata D yake. D inatosha! Leo yuko mwaka wa tatu.

Vyuo sasa. Kwa hapa mjini kuna MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, pale Upanga, kuna Kairuki kule Mikocheni, na Aga Khan nao Upanga ambao siku nyingi wanajulikana kwa digrii iliyotengenezwa kwa ajili ya manesi waliokwisha sajiliwa na wako kazini. Hii tofauti ielewe vizuri kabla hujalipa hata shilingi. Digrii ya kawaida ya uuguzi ni miaka minne, madarasa mchana na wodini na wanachuo, yani kwa kifupi haimjui mtu mwenye zamu. Ukitaka hiyo chukua ruhusa ya masomo, usijidanganye utaunganisha. Ile ya walioko kazini unahudhuria siku chache na zingine unafanya kazi, mimi ndo niliyopitia. Kabla ya kuomba piga simu chuoni uulize maswali matatu tu, mwaka huu mnapokea, siku gani za darasa, na praktiko ni wiki ngapi mfululizo. Hilo la praktiko watu hawaulizi, halafu semesta ya pili wanaambiwa wiki sita wodini kila siku, na mwajiri hajui lolote.

Mwajiri. Kama uko serikalini unaandika barua kwa mkurugenzi wako kupitia kwa mganga mfawidhi na DMO, yani mganga mkuu wa wilaya, na ukiwa hospitali ya rufaa ya mkoa unapitia uongozi wa hapo hapo, uwe umeshathibitishwa kazini na jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo. Huo mpango unaendana na bajeti, kwa hiyo mtu anayetaka kuanza mwezi wa kumi anatakiwa aongee na muuguzi mfawidhi wake tangu mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uliopita, sio Agosti akiwa na barua ya udahili mkononi. Ukiwa praiveti kila kitu ni makubaliano, omba yawe kwenye maandishi, maana matroni anayekuelewa anaweza kuhama na makubaliano yenu yakaondoka nae. Na jamani usisome kwa kujificha. Ukipotea kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kukufukuzisha, nimemuona mtu amepoteza ajira ya miaka tisa kwa sababu ya darasa ambalo angeomba angepewa.

Sasa rosta, na hapa nitakaa maana ndo moyo wa jambo lote. Siku ya kwanza ya semesta nilikuwa naprinti ratiba ya darasa, nampelekea inchaji wa wodi mkononi, simtumii kwenye simu, nyingine naibandika kwenye chumba cha manesi. Halafu nilikuwa na kidaftari kidogo cha buluu mfukoni, naandika nani amenishikia zamu, tarehe ngapi, asubuhi au jioni au naiti, na nikilipa nakata mstari mbele yake anaona. Krismasi nilifanya mimi, Idi nilifanya mimi, mwaka mpya nilifanya mimi, ili wiki ya mitihani nisiombe kama ombaomba. Wenzako hawachoki kukusaidia, wanachoka na mtu anayesahau.

Na hili naomba ulishike. Mwaka wa kwanza nilikuwa natoka naiti naunga darasa la saa mbili asubuhi, jioni naiti tena. Usiku wa tatu wake akaletwa mama wa kifafa cha mimba, nikashika magnesiamu nimuandalie dozi ya kwanza, unajua ile ya asilimia 50 ukiipitisha kwenye mshipa lazima uipunguze makali ifike asilimia 20, mililita nane za dawa na kumi na mbili za maji, kitu nimefanya miaka yote. Nikasoma lebo mara tatu na kichwani hakuingii kitu, namba naziona ila hazina maana. Nikaweka bomba la sindano chini nikamwita mwenzangu aandae yeye. Mama alipona na mtoto alipona, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka asubuhi. Tangu hapo siunganishi naiti mbili na darasa, na wewe usiunganishe, bora ukose kipindi kimoja uombe madesa kwa mwenzako.

Hela nitaongea haraka. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuwekee hesabu kama una ajira rasmi, masharti yao yanamtoa mwenye kipato cha ajira. Kwa hiyo ni mfuko wako, au mwajiri, au SACCOS, au mkopo wa mshahara, na kumbuka makato yote yakijumlishwa lazima theluthi moja ya mshahara ibaki, kama ulishakopea kiwanja nafasi ya ada inaweza isiwepo. Uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi, na ujumlishe vitu visivyoandikwa kwenye fomu, nauli, bando, kuprinti, sare za praktiko, na hela ya ripoti ya utafiti mwaka wa mwisho. Uwe na ada ya semesta mbili mkononi kabla ya kuripoti. Mikopo ya riba kubwa ya mtaani, ile kausha damu, hapana, hata kama ni wiki ya mtihani na jina lako liko kwenye orodha ya wanaodaiwa, bora uende kwa mhasibu uombe muda.

Darasani utashangaa kitu kimoja, uzoefu wako utakusaidia na pia utakuponza. Kwenye oski, ule mtihani wa vitendo, wengi wetu tunapata sapu, yani tunarudia mtihani, wakati watoto waliotoka form six wanapita, sababu sisi tunafanya haraka kama wodini, hatujitambulishi kwa mgonjwa, hatusemi kwa sauti tunanawa mikono, hatuombi ridhaa, na msimamizi mwenye karatasi ya maksi anatiki anachokiona na kukisikia tu. Fanya mazoezi nyumbani kwa sauti, mimi mgonjwa wangu alikuwa mwanangu wa darasa la pili, alifikia hatua ananikumbusha, mama hujaniambia unataka kunifanya nini.

Na vitu vimebadilika. Tuliosoma zamani tulifundishwa kuanza patografu, chati ya kufuatilia uchungu, njia ikifunguka sentimita 4, lakini mwongozo wa WHO wa 2020 wa kumhudumia mama kwenye uchungu unahesabu uchungu umeshika kasi kuanzia sentimita 5. Ukibishana na mwalimu kwa sababu wodini kwenu mnafanya hivi, utapoteza maksi na utapoteza nafasi ya kujua kwa nini ilibadilishwa.

Takwimu na utafiti ndo vinawatisha wengi. Chagua swali dogo linalotoka kwenye wodi yako mwenyewe, litakalojibiwa na mafaili au watu unaoweza kuwafikia, na ombi la kibali cha maadili lipeleke mapema maana bila kibali hicho huruhusiwi kukusanya hata dodoso moja.

Ukimaliza usikae na cheti kabatini. Kipeleke Baraza usajili wako uboreshwe, kisha nakala zilizothibitishwa zipeleke utumishi na barua ya kuomba kubadilishiwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi. Pale masijala hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kaa nayo, na fuatilia kila mwezi, maana mimi barua yangu ya kwanza ilipotea na huo mhuri ndo ulioniokoa.