Somo: Namna ya kuishi na wezi wa Subnautica

Katika Subnautica, gemu ya kuishi chini ya bahari ya sayari ngeni, chumba cha skana (chumba cha kituo chako kinachotafuta madini) kinakuja na kamera mbili za kuendesha kwa mbali. Zangu zote mbili zilibebwa siku ileile niliyomaliza kukijenga, na nilikaa karibu saa nzima nikidhani gemu ina hitilafu. Haikuwa hitilafu. Nilikuwa nimejenga ukingoni mwa msitu wa mwani, yaani mlangoni kwa mwizi. Nimeandika somo hili ili mwingine asipitie hapo. Sehemu kubwa inahusu Subnautica ya kwanza, iliyotoka rasmi Januari 2018. Wale wa Below Zero, gemu iliyoifuata Mei 2021, nimewawekea kipande chao chini.

Kabla ya hatua zenyewe, nawaomba jambo moja: usimuue Stalker, yule mnyama wa baharini ambaye ndiye mwizi wetu. Najua anauma na najua anaudhi. Ila meno yake ndiyo yanayotengeneza kioo cha enameli, kile kinachohitajika kuundia vyombo vikubwa, na jino unalipata kwa sababu yeye ni mwizi. Ukimuua umefunga duka lako mwenyewe.

HATUA YA 1: Mjue anataka nini.
Stalker ni yule mwenye mdomo mrefu kama wa mamba. Anaishi kwenye mwani mrefu wenye mbegu za njano zinazowaka gizani. Anachopenda ni chuma, hasa zile skrepa za meli zilizotapakaa chini, pamoja na kamera za chumba cha skana. Hachukui kitu kilicho ndani ya begi lako wala ndani ya kabati. Anabeba kile kilicho wazi majini.

HATUA YA 2: Ondoa kishawishi.
Jenga chumba cha skana mbali na mwani. Kama umeshajenga karibu na hutaki kubomoa, toka nje, zishike kamera kwa mkono, ziweke kabatini, na uzitoe siku unayozihitaji tu. Skana yenyewe itaendelea kutafuta madini bila kamera kuwa nje.

HATUA YA 3: Mlishe.
Hapa wengi hawaamini mpaka wajaribu. Kamata samaki wadogo watatu au wanne wakiwa hai. Mimi hutumia Peeper kwa kuwa wako kila mahali. Ingia msituni, mshike mmoja mkononi, subiri Stalker akugeukie, kisha mwachie samaki mbele ya mdomo wake. Akishakula anatulia nawe kwa muda. Si urafiki wa kudumu, kwa hiyo weka samaki wa akiba. Ukiwa mgeni fanya hivi mchana, maana usiku ndani ya mwani utashtukia ameshafika.

HATUA YA 4: Mtegee skrepa. Hapa ndipo penye faida, someni taratibu.
Jino hudondoka Stalker anapouma chuma. Wachezaji wengi huogelea msitu mzima wakitafuta meno na kurudi mikono mitupu, kwa sababu jino ni dogo na likiangukia kwenye majani hulioni tena. Basi usimfuate mwizi, mlete kwako. Tafuta kipara cha mchanga mtupu pembeni mwa mwani, mahali ambapo Stalker wawili au watatu wanapita. Zunguka uokote skrepa zote za jirani, hata zile za mbali kidogo, ili pasiwe na nyingine ya kuwavutia. Kumbuka kila skrepa inakula nafasi kubwa begini, kwa hiyo nenda na begi tupu. Zimwage tano au sita pale mchangani, halafu rudi nyuma kiasi cha kuwaona bila kuwasumbua.

Watakuja. Ataibeba mmoja, ataiachia, ataikimbilia tena. Wewe subiri. Panda juu uvute hewa, rudi, piga tochi kwenye mchanga. Wakizihamisha skrepa mbali, zikusanye uzirudishe palepale. Si kila akiuma jino linatoka, na kuna siku utakaa sana kwa jino moja, lakini njia hii haijawahi kuniangusha. Kama chumba chako cha skana kinafika eneo hilo, unaweza pia kukiagiza kitafute meno ya Stalker na kikuonyeshe yalipo.

HATUA YA 5: Jua unahitaji mangapi.
Kioo kimoja cha enameli ni jino moja na kioo cha kawaida kimoja. Cyclops, ile nyambizi kubwa, inataka vioo vya enameli vitatu, na Prawn, ile suti ya roboti unayoingia ndani yake, kimoja. Kwa hiyo meno manne yanakutosha kwa vyombo hivyo viwili. Ongeza moja kama unataka chumba cha kioo cha kutazamia bahari. Mimi nakishauri sana hicho chumba. Machweo ya sayari ile yanapendeza mno ukiwa umekaa mle.

KWA WA BELOW ZERO
Huko mwizi ni mnyama mwingine wa majini aitwaye Sea Monkey, na tabia yake ni ya kibaka wa stendi: hana habari na simu iliyo mfukoni, anaitaka iliyo mkononi. Ukiwa umeshika skana ya mkononi au kifaa cha kujengea anakuja anakwapua. Dawa yake ni rahisi. Ukiwaona karibu, rudisha kifaa begini, mikono ibaki mitupu. Akishakuwahi, mfuate palepale. Ukimfikia unamnyang'anya tu, hana ugomvi. Usimpige. Tena vipitie viota vyao, maana mna vipande vya vifaa vya kuskani ambavyo mwanzoni utavihitaji sana.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, Stalker kaondoka na kamera wakati naiendesha. Naipataje?
Jibu: Usitoke kwenye skrini haraka. Kamera bado inaona ikiwa mdomoni mwake. Angalia umbali unaoandikwa, angalia mazingira, kisha subiri aiachie. Ikiwa bado ina chaji, irudishe mwenyewe kwa kuiendesha. Ikishindikana, toka uifuate kwa miguu ya bata.

Swali: Kaka, mimi nilishawamaliza wote hapa kwangu kabla sijasoma somo. Nimekwisha?
Jibu: Hujakwisha, ndugu yangu. Msitu wa mwani hauko mmoja. Zunguka kando ya maji ya kina kifupi ulipoanzia, utakuta mwingine. Huko ingia na samaki, kisu kibaki kiunoni.

Swali: Inawezekana kumfuga?
Jibu: Ndiyo. Mayai yao yapo humohumo msituni. Yaweke kwenye tangi kubwa la kufugia ndani ya kituo chako, yakianguliwa utapata Stalker ambaye hakudhuru. Wapo wanaowaachia nje ya kituo na kuwamwagia skrepa, wakaokota meno mlangoni. Ni kazi ya muda mrefu, ila kwa anayependa kufuga inaridhisha.

Swali: Sea Monkey kanichukulia kifaa cha kujengea akapotelea kwenye miamba, nikaishiwa hewa. Nimtafute?
Jibu: Hewa kwanza, dada. Panda juu. Ukirudi usimwone ndani ya dakika chache, tengeneza kingine kwenye fabriketa, ile mashine ya kuundia vifaa, uendelee na safari. Kuanzia sasa weka batri na vifaa vya akiba nyumbani.

Swali: Mwanangu ana miaka minane, anaipenda bahari ya gemu hii lakini Stalker akitokea analia na kuzima. Nifanye nini?
Jibu: Mfungulie gemu mpya kwa hali ya ubunifu, Creative. Humo hafi, haishiwi hewa, na anajenga bila kutafuta malighafi, kwa hiyo hata meno hayahitaji. Kaa naye siku ya kwanza, mkamate Peeper pamoja, na mwache yeye ndiye amwachie Stalker samaki.