Kabla ya kutembea Lost Coast, fungua jedwali la maji

Lost Coast ni pwani ya kaskazini mwa California, Marekani, ambako milima ya King Range huangukia baharini kwa ukali hata barabara kuu ya pwani ikalazimika kuzungukia bara. Njia ya miguu inaanzia mlangoni mwa mto Mattole na kuishia Black Sands Beach, mjini Shelter Cove. Ni takriban kilomita 40, na wengi huzitembea kwa siku tatu. Kwa kuwa hakuna kilele cha kupanda, watu huidharau, nayo huwaadhibu.

Kulala njiani kunahitaji kibali. Vinatolewa kupitia Recreation.gov, vina tarehe, na nafasi za kila siku ni chache. Usikate kibali kabla ya kusoma aya za maji ya bahari hapa chini.

Tembea kutoka kaskazini kwenda kusini. Upepo wa kiangazi hutoka kaskazini-magharibi, na anayeukabili hula mchanga safari nzima. Acha gari Black Sands, kisha ulipie usafiri wa kukupeleka Mattole. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa barabara za milimani, kwa hiyo uweke nafasi mapema.

Viatu viwe vimeshazoea miguu yako na vishike kifundo, kwani sehemu kubwa ni mawe ya mviringo yanayobiringika. Maji ya kunywa yapo kwenye vijito, ila yachuje au uyachemshe yote, hata yale yanayong'aa. Simu haitashika mtandao. Beba kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti.

Kopo gumu la kuzuia dubu ni sharti la kanuni za hapo. Usifikirie kuning'iniza chakula mtini, maana ufukweni miti ya kufaa ni adimu, na dubu weusi wa huko si wageni wa kamba. Kosa la kawaida ni kununua kopo linalotosha chakula tu. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujikinga na jua na takataka zote za chakula navyo vinaingia humo. Lijaribu nyumbani likiwa na shehena ya siku ya kwanza, likifungika vizuri. Usiku liache mbali na hema, penye shimo dogo ambamo haliwezi kubiringishwa.

Sasa maji ya bahari. Vipo vipande viwili, kila kimoja cha kilomita sita hadi saba, ambavyo havipitiki maji yakijaa: Sea Lion Gulch hadi Randall Creek, na Miller Flat hadi Gitchell Creek. Upande mmoja bahari, upande wa pili jabali. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kupita maji yakiwa chini ya futi tatu, yaani kama sentimita 90, kwenye jedwali la maji, lile linaloonyesha saa na kimo cha bahari ikipwa na kujaa.

Tumia jedwali la Shelter Cove, tena hakikisha mambo mawili: kipimo ni futi au mita, na saa ni ya kawaida au ya kiangazi, ile inayosogezwa mbele saa moja. Anayekosea hilo la pili huingia saa nzima kabla au baada ya wakati wake, na kwenye jabali saa moja ni nyingi. Halafu elewa kwamba pwani hii hupwa mara mbili kwa siku lakini si sawasawa. Kupwa kumoja hushuka sana, kwingine hushuka kidogo, na siku za maji mafu, bahari inapopwa na kujaa kidogo, huko kwa pili huenda kusishuke hata chini ya futi tatu. Kwa hiyo unaweza kuwa na nafasi moja tu kwa siku. Wakati wa kiangazi kupwa kukubwa huangukia alfajiri. Wakati wa baridi huja alasiri au jioni. Ndiyo maana jedwali linatangulia kibali: kuna wiki ambazo nafasi ya kupita inakuja gizani, na likizo yako haibadilishi kitu.

Kunaswa hutokea hivi. Kundi linaamka saa mbili asubuhi, linakunywa kahawa, linaona ufuko mpana na kuingia. Hesabu yao ni kilomita nne kwa saa, kama barabarani. Juu ya mchanga laini na mawe, ukiwa na mzigo, mwendo wa kweli ni kilomita mbili hivi, kwa hiyo kipande kinataka saa tatu na nusu. Maji yalishapwa saa kumi na mbili, sasa yanajaa. Katikati ya njia wanamkuta sili-tembo dume, mnyama mkubwa wa baharini, amelala, mwamba kulia kwao ukiwa tayari unalowa, kushoto jabali. Huyo ana uzito unaoweza kupita kilo 2,000, na akijirusha mbele hapo mwanzo humshinda mwenye mzigo. Wanasubiri ahame. Haharakishwi. Dakika arobaini zinapita, na huko mbele rasi imeshafunikwa.

Tiba yake ni hii: ingia wakati maji bado yanapwa, mara tu yanaposhuka chini ya kipimo, ili kupwa kabisa kukukute katikati au baadaye kidogo. Ongeza nusu saa ya wanyama na vijito. Jua mapema mahali pa kukimbilia: Cooskie Creek katika kipande cha kwanza, Buck Creek na Shipman Creek katika cha pili. Ukichelewa, panda hapo usubiri. Usibishane na maji.

Jedwali halijui mawimbi. Soma pia utabiri wa bahari wa kituo cha hali ya hewa cha Eureka. Mawimbi makubwa ya mita tatu yakitajwa, ahirisha hata kama maji yatapwa vizuri. Usiipe bahari mgongo, kwa kuwa wimbi la kushtukiza hupanda juu sana kuliko yaliyotangulia na kumvuta mtu kwenye maji ya baridi kali.

Sili-tembo huonekana zaidi karibu na mnara wa taa wa zamani wa Punta Gorda. Kaa mita 45 au zaidi. Akiinua kichwa na kukukazia macho, umeshasogea mno. Usisimame kati yake na bahari, ambako ndiko njia yake ya kukimbilia. Mtoto aliye peke yake hajatupwa, usimguse wala kumwagia maji; sheria ya 1972 ya kulinda mamalia wa baharini inakataza kuwasumbua.

Nyoka wa njuga hujificha kwenye magogo yaliyoletwa na bahari, yale yale yanayovutia kukalia. Piga gogo kwa fimbo kwanza. Akiuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete, tuliza kiungo, omba msaada kwa setilaiti. Puma au dubu akikutazama, usikimbie: simama wima, paza sauti, rudi nyuma taratibu.

Kupe hukaa kwenye nyasi za vijia vya juu ya ufuko na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo jikague kila jioni na ubebe kibano. Majani matatu matatu yanayong'aa usiyaguse, yanawasha kwa siku nyingi. Choo: chimba kwenye mchanga mbichi chini ya alama ya maji makuu, karatasi urudi nazo. Ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, acha mzigo upande juu, maana eneo hili lina mitetemeko mikubwa na tsunami haingoji tangazo. Tena mwachie mtu karatasi yenye tarehe na saa ya kurudi, pamoja na namba ya sherifu wa kaunti ya Humboldt, aipige saa hiyo ikipita bila habari zako.