Namna ya kuandika historia ya kijiji cha kando ya hori

Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na hori mbili, yaani mikono ya bahari inayoingia bara. Ya Tudor iko kaskazini na inapokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Ya Kilindini iko upande wa pili, inaingia ndani hadi Port Reitz na kupokea mto Mwache. Vijiji vya kando ya maji hayo, kama Jomvu Kuu au Mtongwe, vina historia ndefu ambayo sehemu kubwa yake imo vichwani mwa watu. Wenyeji husema wanakwenda "mtoni" hata pale maji ni ya chumvi tupu, na neno hilo liandike vile vile.

Kosa linaloua kazi hii mapema ni kumwendea mzee na kumwambia, "Babu, nieleze historia ya kijiji." Utapewa hotuba ya Wareno, Ngome ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa 1593, utawala wa Mazrui mpaka 1837, na Thenashara Taifa, yale makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Ni kweli yote, lakini si ya kijiji hicho. Uliza vitu: kisima hiki kilichimbwa na nani, kwa nini kile kingine kiliachwa, diko, yaani pa kufikia mitumbwi, lilikuwa wapi kabla ya hapa, ule mkunazi ulipandwa kwenye kaburi la nani. Mtu akiulizwa kitu huleta watu na mwaka pamoja nacho.

Kwa hivyo anza kwa miguu, daftari mkononi, kabla ya mahojiano yoyote. Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu baadaye. Siku hizo maji ya Mombasa hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hapo ndipo utaona vigingi vya uzio wa zamani, mawe ya gati lililokufa, na njia za mitumbwi ndani ya mikoko. Ukienda siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hutaviona, kisha utaandika kwamba havipo. Pima hatua zako kwanza: tandaza utepe wa mita 50, utembee mara tatu, upate wastani. Kisha chora kijiji kwa hatua, kuanzia msikitini au kisimani, kwa sababu hivyo havihami. Simu yenye GPS inasaidia, lakini chini ya mikoko huweza kukosea mita kadhaa, na kati ya kaburi na kaburi mita tano ni nyingi.

Mikoko nayo uitambue kwa majina ya hapa: mkoko wenyewe wa mizizi ya kupinda, mchu, mkandaa, mlilana. Uliza boriti zilikatwa upande gani na ziliuzwa kwa korja ngapi (korja ni 20). Pale miti ilipokufa, uliza ilikufa lini. Kwenye hori ya Makupa utasikia mafuta yaliyomwagika 1988. Upande wa Mwache utasikia mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizoleta tope likafunika mizizi.

Majina ya mahali yaandike kama yanavyotamkwa. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina "t" pale Kiswahili sanifu kina "ch", na "nd" pale sanifu kina "nj": mtanga, mato, ndia. Mwandishi wa shule akisikia "Mtangani" huandika "Mchangani", na akishaandika hivyo jina limekufa. Miaka ishirini mbele hakuna atakayejua kwamba wenyewe hawakulitamka hivyo. Weka usanifu kando, kwenye maelezo.

Tarehe ndiyo sehemu ngumu, na hapa inafaa kukaa. Wazee wengi hawatakupa mwaka, na ukiwalazimisha watakupa wa kubahatisha ili uondoke. Tengeneza kwanza orodha ya matukio ambayo kila mtu anayajua, nawe una uhakika na mwaka wake: reli kuanza kujengwa kutoka Mombasa 1896, utumwa kukomeshwa pwani 1907, daraja la kuelea la Nyali 1931, mgomo wa bandarini Januari 1947, mafuriko ya 1961, uhuru 12 Desemba 1963, daraja jipya la Nyali 1980, kuzama kwa feri ya Mtongwe 29 Aprili 1994. Kisha uliza kwa kuzunguka: "Bibi, uhuru ulipokuja ulikuwa umeolewa? Mtoto wa kwanza ulikuwa umempata? Kisima hiki ulikikuta?" Majibu matatu ya ndiyo na la hukupa kipindi cha miaka mitano au sita, nacho kina thamani kuliko mwaka mmoja wa kubuni. Andika "kati ya 1955 na 1961", usiandike 1958.

Makaburi yenye maandishi yatakupa mwaka wa Hijria. Ugawe kwa 33, jibu ulitoe kwenye ule mwaka, kisha ongeza 622. Kwa 1325: kugawa ni 40, kutoa ni 1285, kuongeza ni 1907. Huweza kukosea mwaka mmoja, si zaidi. Hatari iko kwenye kusoma. Mbili na tatu za Kiarabu zinatofautiana kwa jino moja tu, na sufuri ni nukta. Chokaa ikibanduka kidogo, tatu inakuwa mbili, na tobo la mdudu linakuwa sufuri. Piga picha jua likiwa chini, asubuhi au baada ya alasiri, mwanga ukipita ubavuni mwa jiwe. Usipake chaki, usikwaruze ukungu kwa kisu, na usimwagie maji: jiwe la matumbawe na lipu ya chokaa huondoka pamoja na herufi. Omba ruhusa kwa imamu au kwa wenye kaburi kwanza.

Mahojiano: nenda na mtu wa pale pale, si mgeni mwenzako. Shikamoo kwanza, hali, watoto, ndipo kazi. Baada ya alasiri ni wakati mzuri kwa wanaume barazani. Akina mama huwapati ila uwe na mwanamke wa kuwauliza, na bila wao hutapata habari za unyago, za vyama vya kusaidiana matangani, wala za nani alimnyonyesha nani. Mvuvi mtafute siku za maji mafu, wakati hana haraka. Ramadhani alasiri usimsumbue mtu. Rekodi kwa simu iliyokatwa mtandao, sentimita 30 kutoka mdomoni, pangaboi limezimwa, na usikae chini ya makuti siku ya upepo wa kusi. Saa moja ya WAV ya mono hula karibu MB 320, kwa hivyo futa nafasi kabla. Kuiandika saa hiyo huchukua tano au sita. Wengi hukwama hapa na kubaki na sauti zisizosikilizwa na mtu. Afadhali watu wanane walioandikwa kuliko thelathini walio kwenye simu.

Nasaba ina mtego wake. Mjukuu hupewa jina la babu, basi Salim bin Ali bin Salim bin Ali husemwa haraka na vizazi viwili vinamezwa. Uliza kila mmoja alizikwa wapi na alioa nani. Asiyekuwa na kaburi wala mke huenda amerukwa au ameongezwa. Kizazi kihesabu miaka 25 hadi 30. Ukisikia asili ya Shirazi au Arabuni, iandike kama madai ya ukoo, bila kuithibitisha wala kuicheka. Na ukisikia kwamba familia fulani ni ya waliokuwa watumwa au watoro, usiitaje bila idhini ya wenyewe, hata kijiji kizima kikiwa kinajua.

Ardhi ndiyo itakayopinda majibu. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, waliowahi kudai kwa maandishi walipata, wasiojua walipoteza, na mpaka leo Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba huku uwanja ni wa mwingine anayemlipa kodi ya ardhi. Ukija na ramani na utepe watakudhani mpimaji. Sema wazi mbele ya mzee wa mtaa kwamba hupimi mipaka ya mtu, na kweli usichore mipaka ya mashamba. Anayekwambia "sisi ndio wa kwanza hapa", uliza pia jirani yake, siku nyingine, bila kumtajia jibu la mwenzake.

Karatasi zije baada ya watu, kwa sababu hapo unajua unachotafuta: maktaba ya makumbusho ya Fort Jesus, Nyaraka za Taifa Nairobi, tume ya wakfu kwa habari za misikiti na mashamba, vitabu vya ndoa vya kadhi. Usisahau sanduku la bibi: barua za herufi za Kiarabu, risiti za boriti, picha za arusi. Zipige picha pale pale juu ya mkeka, mbele na nyuma, uzirudishe sandukuni kabla hujanywa kahawa.

Maisha ya mwaka yaandike kwa pepo, si kwa miezi peke yake: kaskazi, kusi, mvua za mwaka (masika) na za vuli, lini kamba, lini kaa, lini nyavu zinaanikwa, maulidi yanasomwa kwa nani na nani hutoa ng'ombe.

Ukimaliza rasimu, isome kwa sauti barazani kabla ya kuichapa. Chukua nakala mbili zenye pambizo pana, kalamu mbili za rangi tofauti, moja ya makosa uliyoyakubali na moja ya yanayobishaniwa. Yanayobishaniwa yachape yote mawili, kila moja na jina la upande uliolisema.