Somo: Opinel Na. 8 au Victorinox Spartan? Jinsi ya kuchagua kisu cha kukunja cha kutembea nacho

Wakuu, habari zenu. Haipiti muda mrefu kabla mtu hajauliza anunue kisu gani cha kukunja, kisiwe cha bei mbaya, akae nacho mfukoni kila siku. Majibu huwa ni yaleyale: hawa Opinel, wale Victorinox, na kila upande unavutia kwake. Mimi ninavyo vyote viwili, na nimevitumia hadi mipini imeanza kung'aa kwa mafuta ya kiganja. Sitawaambia kipi bora, ila nitawapa njia ya kujua kipi kinakufaa wewe, maana ukikosea hapo kisu kitaishia kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Tunaongelea Opinel Na. 8 na Victorinox Spartan. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na mwaka 1897 akavipanga kwa ukubwa kuanzia namba 1 hadi 12. Mwaka huohuo wa 1897, kule Uswisi, Karl Elsener alisajili kile kisu cha afisa ambacho ndicho baba wa visu vyekundu vyote tunavyoviona leo. Cha Mfaransa kimebaki kisu tu. Cha Mswisi kimekuwa kisanduku cha vifaa chenye visu ndani yake.

Hatua ya 1: Hesabu ulichokata wiki iliyopita

Usianze na ndoto za kupotea porini. Chukua karatasi, andika mara ambazo wiki iliyopita ulitamani uwe na kisu, na ulitaka kufanya nini hasa. Orodha yangu ilikuwa hivi: maboksi matatu, kamba ya plastiki, tunda mara nne au tano, uzi uliochomoza kwenye mkono wa shati, soda mbili, kopo moja, skrubu ya soketi iliyolegea, na mwiba wa mbao kidoleni.

Sasa tenga. Maboksi, kamba, tunda na uzi ni kazi za makali. Soda, kopo, skrubu na mwiba si kazi za makali, na ukizilazimishia makali utavunja ncha. Orodha yako ikiwa karibu yote ni makali, elekea kwa Opinel. Ikiwa nusu kwa nusu, Spartan inaanza kushinda: ina ubapa mkubwa na mdogo, opena ya kopo, kifungua chupa, bisibisi, msharasi wa kutobolea, kizibuo cha kuzungusha, kibano na kijiti cha meno. Kile kizibuo msikidharau hata kama hamnywi mvinyo. Hakuna kitu kinachofungua fundo lililokaza kama hicho.

Hatua ya 2: Jua kinachozuia ubapa usikurudie vidoleni

Hapa ndipo watu wengi hawaangalii, na hapa ndipo visu hivi vinapotengana kweli.

Spartan haina loki. Ina springi ndefu mgongoni inayokandamiza kisigino cha ubapa. Ukifungua unasikia "tak", ubapa unasimama, lakini unasimama kwa nguvu ya springi peke yake. Ukisukuma makali kuelekea chini kwenye kitu, hakuna shida, kwa sababu nguvu yako inauzuia ubapa usijikunje. Ukichoma kwa ncha, au kisu kikanasa ukaanza kukitikisa ili kitoke, nguvu inageuka na kuja upande wa mgongo. Hapo springi inashindwa, na ubapa unarudi nyumbani, vidole vyako vikiwa mlangoni.

Nina alama kwenye kidole cha shahada, nyuma ya kiungo cha kwanza. Kilikuwa kisu kingine cha springi, jina lake hata silikumbuki, nami nilikuwa natoboa mfuniko wa ndoo ya plastiki kwa kukichoma kama msumari. Kosa ni langu asilimia mia. Tangu siku hiyo nikitaka kutoboa natumia msharasi, tena taratibu.

Opinel inatumia pete ya chuma iitwayo Virobloc, iliyobuniwa mwaka 1955. Pete ina mwanya. Mwanya ukilingana na njia ya ubapa, kisu kinakunjika. Ukiizungusha, ukingo wa pete unaziba njia na ubapa hauendi popote. Tangu mwaka 2000 pete hiyo inafunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakijifungui mfukoni. Ni teknolojia ya kitoto kabisa, na ndiyo maana haiharibiki. Kasoro yake ni moja: lazima *ukumbuke* kuizungusha. Mtu mwenye haraka hukata pete ikiwa wazi, na hapo hana loki wala hana springi, ana msuguano wa mti tu. Huyo yuko pabaya kuliko wa Spartan.

Vyote viwili vinafunguliwa kwa mikono miwili, kwa ukucha. Kama kazi yako ni ya mkono mmoja ngazini, hakuna hata kimoja hapa kinachokufaa, tafuta kwingine.

Hatua ya 3: Chagua chuma unachoweza kukilea

Spartan ni chuma kisichoshika kutu, laini kiasi, takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell cha ugumu wa chuma. Maana yake kinakuwa butu mapema kidogo, lakini dakika tano kwenye kinoo kinarudi. Unaweza kukisahau na maji ya tunda juu yake hadi kesho.

Opinel inakuja kwa aina mbili, na muuzaji asipokuuliza, muulize wewe. Ile ya kaboni inanoleka hadi kunyoa nywele za mkono, ila ni kama mtoto mchanga, inataka kufutwa kila saa. Ukikata limau usifute, baada ya muda mfupi utaona madoa ya kijivu na buluu. Hayo si kutu, ni ngozi mpya ya chuma, na yanasaidia kuzuia kutu nyekundu. Ukiona rangi ya chungwa, hiyo ndiyo kutu. Ile ya Inox, yaani chuma kisichoshika kutu, haina masharti hayo, na kwa mtu wa kawaida ndiyo ningemshauri achukue.

Kwenye kukata chakula, Opinel inaiacha Spartan mbali. Ubapa wake una sentimita 8.5 na ni mwembamba, unapita kwenye nyanya bila kuiponda. Mpini nao ni wa duara, unajaza kiganja. Spartan ukiishika dakika ishirini ukichonga kijiti, utasikia kingo za vile vifaa vingine zikikutafuna.

Hatua ya 4: Mfuko, maji na sheria

Opinel ina takriban gramu 45, Spartan takriban 60. Hutaona tofauti. Utakachoona ni umbo: Opinel ni mnene na mrefu, unatuna kwenye suruali ya kubana. Mti pia hunywa maji. Ukinyeshewa au ukiuosha kwa kuuloweka, mpini unavimba na kubana ubapa. Spartan haijali.

Sheria angalia ya nchi uliyopo, usisikilize ya jirani. Mfano mzuri ni Uingereza: kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3 (sentimita 7.62), unaruhusiwa kutembea nacho. Spartan inapita. Opinel Na. 8 inakwama mara mbili, kwa loki na kwa urefu, mpaka uwe na sababu ya msingi. Na kwenye ndege, weka kisu kwenye begi la kupakia, kamwe si la mkononi.

Hatua ya 5: Kabla ya kulipa

Fungua, tikisa ubapa kushoto na kulia. Ubapa usicheze. Kikunje, kiangalie kwenye mwanga: ubapa ukae katikati. Kwenye Opinel zungusha pete mara kumi. Kwenye Spartan toa kila kifaa kimoja kimoja kwa ukucha wako mwenyewe, si wa muuzaji.

Kwangu mimi, asubuhi nikitoka naenda na Spartan. Nikijua kuna kula nje au kuchonga mti, naibadilisha.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Opinel yangu ilinyeshewa, sasa haifunguki, ukucha unakaribia kung'oka. Nifanyeje?

Jibu: Pole. Acha ukucha upumzike. Zungusha pete iwe wazi, shika mpini, halafu gonga kile kitako cha nyuma kwenye ukingo wa meza. Ubapa utachomoza kidogo, umalizie kwa vidole. Wenyewe Savoie ndivyo wanavyofanya. Kisha kiache kikauke kikiwa wazi, kivulini, siku moja au mbili. Usikiweke juani wala karibu na moto, mti utapasuka.

Swali: Kuna vya bandia vingi. Nitavitambuaje?

Jibu: Opinel halisi ina mkono wenye taji juu yake umepigwa kwenye ubapa. Spartan ina jina la Victorinox chini kabisa ya ubapa mkubwa, karibu na mpini. Zaidi ya hapo, sikiliza mlio. Spartan ya kweli inafunga kwa "tak" moja safi. Bandia huwa inakwaruza.

Swali: Samahani kaka, mimi ni mama wa mtoto wa miaka tisa, anataka kisu cha kwanza. Kipi kati ya hivyo?

Jibu: Dada, hapo usichukue hata kimoja kati ya hivi viwili. Opinel wana Na. 7 ya watoto yenye ncha ya mviringo, na ina ileile pete ya kufunga. Muanzishe na hiyo akiwa amekaa na wewe upo karibu. Kisichokuwa na loki asubiri.

Swali: Kunoa ni kwa pembe ya nyuzi ngapi? Nina kinoo cha chembe namba 1000.

Jibu: Hicho kinatosha. Nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kwa visu vyote viwili. Kama huna jicho la nyuzi, paka makali wino wa kalamu ya maka, pitisha kisu mara mbili, uangalie wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, karibu na mgongo, umelaza mno. Ukitoka nchani pa makali tu, umeinua mno.

Swali: Kipi kizuri kwa kujihami usiku?

Jibu: Miguu, mkuu.

Swali: Nimeshanunua Opinel ya kaboni kabla sijasoma hapa, na ina madoa ya chungwa tayari. Nimeliwa?

Jibu: Hapana. Chukua sufi laini ya chuma na tone la mafuta ya kupikia, sugua kufuata urefu wa ubapa, si kukatiza. Dakika tatu madoa yametoka. Kisha kata tunda chachu nacho makusudi, kiache robo saa, oshea, kausha, paka mafuta kwa kitambaa. Kitageuka kijivu chote. Usishtuke.